Pua ya Dobi

Mtu akikaa na sigara mdomoni tangu ujana hadi mvi, pua yake huwa ya kutundikia miwani tu. Ndivyo ilivyokuwa pua ya huyu dobi. Alikuwa na duka la kufulia na kupiga pasi nyuma ya duka la vifaa vya shule: chumba cha mbele chenye kaunta na rafu za mafurushi, chumba cha kati chenye meza ya pasi, na ua mdogo wenye bomba, mabeseni na kamba za kuanikia. Wateja walimwita Dobi, mkewe alimwita Dobi, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limelala kwenye kitambulisho, halisumbuliwi na mtu.

Kazi aliijua. Shati likitoka mikononi mwake lilikuwa shati kweli, kola imesimama, mikunjo ya mikono imenyooka. Lakini alikuwa na mtindo wake: hapigi pasi bila sigara. Ilikuwa inaning'inia pembeni mwa mdomo, jicho la upande huo amelifumba, na anaweza kumaliza mashuka mazima ya nyumba ya wageni namna hiyo. Alijisifu kwamba majivu hayajawahi kudondokea nguo ya mteja. Mtu angedhani majivu ndiyo kitu pekee kinachotoka kwenye sigara. Wenye pua nzima walihama kimya kimya wakapeleka nguo kwingine, naye akawa anamwambia mkewe kwamba biashara siku hizi imekuwa ngumu.

Kilichomwachisha sigara ni suruali. Kijana mmoja alikuwa amesimama pale kaunta, amevaa kaptura, anasubiri suruali yake ipigwe pasi aende kwenye usaili wa kazi. Dobi akashikwa na kikohozi. Alikohoa mpaka akainama, akashika ukuta, machozi yakamtoka, na alipoinuka pasi ilikuwa imelala juu ya paja la suruali na kuacha alama yake yote, kuanzia ncha hadi kisigino. Kijana hakumgombeza, na ingekuwa heri angemgombeza. Alimtazama tu kwa huruma, akasema, "Pole, mzee. Nenda hospitali." Halafu akaenda kwenye usaili na suruali ya kuazima ya shemeji yake, fupi juu ya vifundo vya miguu. Dobi alibaki na ile suruali iliyoungua, akaikunja vizuri, kisha akaikunjua na kuikunja tena, maana hakujua afanye nini kingine na aibu ile.

Kule zahanati nesi alimpima kifua, akatikisa kichwa, akamwambia kuna kikundi. Kila Jumamosi mchana wagonjwa wakishaondoka, watu walioacha sigara na wanaojaribu kuacha hukaa kwenye yale mabenchi ya kusubiria na kupeana moyo. Dobi alikwenda akidhani atakuta watu wa dini. Akakuta dereva wa lori mwenye kitambi na vichekesho, akakuta fundi wa kuchomelea vyuma, akakuta wengine wachache wa aina hiyo hiyo, na katikati yao mama mmoja mnyoofu, mstaafu, aliyefundisha kemia maisha yake yote. Huyo wote walimwita Mwalimu.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kila mgeni anapewa mwenza. Kiu ya sigara ikikushika, unampigia mwenza wako simu, naye hana budi kupokea hata kama ana povu kichwani. Mahubiri ni marufuku. Mnaongea chochote mpaka kiu ipite, basi. Dobi akapangiwa Mwalimu.

Mara ya kwanza alipiga pasi ikiwa imeshapata moto. Alitegemea kuambiwa habari za mapafu.

"Una nguo gani mezani?" Mwalimu akamuuliza.

"Shati."

"Unaanzia wapi?"

"Kola."

"Kwa nini kola? Mimi huanzia mgongoni."

"Ndiyo maana mashati yako yana makunyanzi, Mwalimu. Ukianza mgongoni, ukifika kwenye kola unaukunja tena mgongo."

"Haya, nieleweshe. Baada ya kola?"

Akamweleza mabega, akamweleza mikono, na walipofika kwenye vifungo Dobi akagundua kwamba kile kitu kilichokuwa kimemkaba koo kimekwenda zake. Wiki hata wiki wakapiga pasi kwa simu namna hiyo. Walipiga pasi magauni, sare, kanzu na mapazia. Mkewe alikuwa anamsikia chumba cha kati akimfundisha mtu aliyesoma chuo kikuu namna ya kunyoosha lisani ya kanzu, akawa anacheka peke yake huko uani.

Mwalimu naye alikuwa na yake. Alivuta kwa siri miaka na miaka, kwenye chumba cha kuhifadhia dawa za maabara, ambako harufu yoyote ina kisingizio. Alipostaafu akahamia kwa binti yake, na hapo hakukuwa na maabara. Binti alikuwa na mtoto mchanga mwenye kifua kibovu, anayekoroma usingizini mpaka mtu anakesha. Akamwambia mama yake bila kumung'unya maneno: "Mama, nakupenda, lakini ukivuta humshiki mtoto." Mwalimu aliacha siku hiyo hiyo. Ndiye aliyekuwa akimwogesha yule mtoto, na Jumamosi zamu yake ya kusema ikifika hakuwa na hotuba. Alisema tu, "Nimemwogesha tena leo," na wenzake wakapiga makofi.

Siku moja akamwahidi Dobi kwamba atamletea nguo zake. Alisema mwenza lazima aungwe mkono.

Sasa turudi kwenye pua. Dobi alipofikisha miezi kadhaa bila kuvuta, pua ilianza kuamka. Kwanza alisikia sabuni, ambayo alikuwa ameishi nayo bila kuijua. Kisha akasikia mvua kabla haijafika. Jioni moja akamwambia mkewe nywele zake zinanukia vizuri, mkewe akamwuliza amefanya kosa gani. Mtu aliyerudishiwa kitu baada ya muda mrefu huringa nacho, na Dobi akavimba kichwa. Akawa anakunja nguo huku ananusa, na kila anaponusa anakutana na adui yake wa zamani.

"Karani wa posta anavuta," alimwambia mkewe.

"Yule mpole? Haiwezekani."

"Nguo hazidanganyi, mama. Shati lake limejaa sigara. Na yule bibi wa kwaya, anayejifanya hajui hata kiberiti."

"Bibi wa kwaya?"

"Gauni zima."

Kwa hesabu yake nusu ya mtaa ilikuwa inavuta kwa kujificha, naye peke yake ndiye aliyeokoka. Hakujiuliza kwa nini. Alijiona ana kipaji.

Basi Mwalimu akatimiza ahadi yake, akaleta nguo kwa mara ya kwanza: blauzi mbili, sketi, na lile koti jepesi la kijivu analovaa akienda mahali. Alizifua, akazianika, akazipiga pasi kwa upendo kabisa, mkono ukiwa mzito kwenye mishono. Alipokuwa anakunja blauzi ya kwanza akaisikia. Akanusa ya pili. Akanusa koti. Akarudia kunusa, akikaribia kuomba pua iwe imekosea, lakini pua haikukosea: ni sigara, iliyokolea.

Aliyekuja kuchukua nguo alikuwa binti, mtoto amembeba kifuani. Alipokea furushi, na kabla hajaondoka kaunta akasimama. Akainamisha uso kwenye kitambaa. Alipouinua ulikuwa umebadilika.

"Mzee, hizi nguo zinanuka sigara."

Hapo ndipo mahali ambapo Dobi angeweza kusema jambo lolote. Angeweza kusema ngoja nizifue tena. Angeweza kusema sijui. Lakini alikuwa na miezi kadhaa ya ushindi kifuani, na pua mpya, na ulimi unaowasha. Akatabasamu kidogo, kwa upole wa mtu anayejua mengi.

"Mimi ni dobi tu, mwanangu," akasema. "Nguo huja na habari zake."

Binti hakuuliza tena. Aliliweka furushi upande wa pili, mbali na mtoto, akaondoka.

Jumamosi hiyo Dobi aliwahi kufika. Alijiambia kwamba anachofanya ni mapenzi, kwamba mwenza wa kweli hafichi. Labda alikuwa anaamini. Mwalimu alikuwepo, amekaa mwisho wa benchi, macho mekundu. Zamu yake ilipofika hakusema amemwogesha mtoto. Alisema tu, "Nyumbani kuna kutoelewana kidogo."

Dobi akasimama. "Mwalimu ni mtu wangu," akasema, "na hapa hatuhukumiani. Tukianguka tunainuka. Lakini ugonjwa ukifichwa hauponi. Mimi nimefua nguo zake wiki hii. Sitaki kusema mengi. Pua yangu imeshapona."

Mwalimu alimgeukia taratibu.

"Sijavuta," akasema.

Sikiliza sasa ubaya wa kikundi kama kile. Kila mtu pale ndani alishawahi kusema neno hilo hilo kwa sauti hiyo hiyo. Fundi wa vyuma alilisema kwa mkewe akiwa na kipisi mfukoni. Dereva alilisema kwa daktari huku moshi ukimtoka. Walilijua neno hilo kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitumia kwa ukweli. Kwa hiyo walimtazama mama wa watu kwa huruma kubwa, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Dada yangu," Dereva akasema taratibu, "hata mimi nilisema hivyo. Mara nyingi tu. Hakuna anayekucheka hapa."

"Sijavuta," Mwalimu akarudia.

"Haina shida," nesi akasema. "Tunaanza upya. Tupo pamoja."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa Dobi, akakaa hapo kidogo. Kisha akachukua mkoba wake, akawaambia asanteni, akatoka. Walimpigia makofi ya kumtia moyo alipokuwa anafungua mlango. Fikiria, makofi.

Nesi akampangia Dobi mwenza mpya, Dereva. Jioni Dobi alimpigia Mwalimu, hakupokea. Alimwambia mkewe kwamba watu wengine ukweli unawauma.

Jumatatu akaja mama mmoja mzazi na kifurushi cha nguo za mtoto wake, kitoto cha juzi juzi, kinapelekwa kupigwa picha. Nguo alikuwa amezifua mwenyewe, alitaka pasi tu. Dobi akaanza kuzipiga moja moja, visuruali vya kutosha kiganja, vishati vyenye kamba badala ya vifungo. Alipokuwa anakunja kishati cha kwanza, akanusa kwa mazoea. Sigara.

Baba yake anavuta, akawaza mara moja. Wanaume hawana haya, wanavutia mpaka kwenye nguo za kichanga. Akachukua kishati kingine kutoka kwenye rundo ambalo bado hajalipiga pasi, akanusa. Sabuni tupu, na jua. Akanusa kingine. Sabuni. Akarudi kwenye kile kilichopigwa pasi. Sigara.

Alisimama pale na nguo mbili za mtoto mchanga, moja kila mkono. Akaichukua ile safi, akailaza mezani, akanyunyiza maji, akapitisha pasi. Mvuke ukapanda. Akainusa. Sigara.

Akainama mpaka pua ikagusa meza. Shuka nyeupe ya juu aliibadilisha kila mara, aliifua kama nguo za wateja. Lakini chini ya shuka kulikuwa na blanketi, na lile blanketi halikuwahi kutoka mezani tangu alipofungua duka. Akalifunua. Lilikuwa la rangi ya maziwa alipolinunua. Sasa lilikuwa la rangi ya meno yake. Miaka yote ile ya sigara pembeni mwa mdomo, moshi ulikuwa unashuka na kulala humo, na kila pasi ya moto na maji kidogo ilikuwa inauamsha na kuupandisha kwenye nguo za watu. Karani wa posta. Bibi wa kwaya. Blauzi mbili, sketi na koti la kijivu.

Alikaa chini kwenye kigoda cha mabeseni. Uso ulimwaka mpaka masikioni, ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona. Alilikumbuka tabasamu lake pale kaunta. Alikumbuka alivyosimama Jumamosi, mkono kifuani. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na meza yake.

Mtu mzuri angetoka pale pale na kwenda kwa Mwalimu. Dobi hakuwa mtu mbaya, lakini alifanya lile ambalo wengi wetu hufanya: alianza kwa kuficha. Aliliviringisha blanketi, akalifunga kwenye gunia, akalitupa jalalani kabla mkewe hajarudi kutoka sokoni. Akanunua jipya. Akaosha kuta kwa maji ya moto na sabuni ya magadi, na maji yalishuka ukutani ya rangi ya chai. Vile vinguo vya mtoto alivifua upya. Akajiambia, kwanza niweke mambo sawa, wateja wasisikie, halafu nitakwenda.

Mkewe alikuta kuta zinameta. "Umepatwa na nini?"

Akamweleza, maana mkewe asingeondoka mlangoni bila kuelezwa. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mama watoto, jambo kama hili halisemwi kwenye simu. Nitakwenda. Nitafute maneno kwanza."

"Maneno ya kumpaka matope uliyapata bila kutafuta," mkewe akasema, akaenda zake uani.

Siku zikapita. Siku moja alikwenda mpaka kona ya mtaa wa Mwalimu, akaona dirisha limefunguliwa, akarudi. Siku nyingine mafurushi yalikuwa mengi. Siku nyingine alijiambia kwamba pengine mambo yameshatulia, mama na mwana hawashindwani, kwa nini afukue yaliyozikwa. Kila siku aliyoahirisha ilifanya inayofuata iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na makosa mawili ya kueleza, na la pili lilikuwa linakua.

Jumamosi akaenda kikundini. Alikuwa ameapa moyoni kwamba atasema. Nafasi ya Mwalimu mwisho wa benchi ilikuwa wazi, mtu ameweka kofia yake pale. Nesi akaanza kwa kusema kwamba kazi yao si rahisi, na kwamba wiki iliyopita ndugu mmoja alionyesha ujasiri wa kusema ukweli kwa mtu anayempenda. Akamtaja Dobi. Watu wakampigia makofi. Dereva akampiga begani, "Huyu bwana ana pua ya mbwa wa polisi," na wote wakacheka.

Dobi akafungua mdomo. Akawaona wote wanamtazama, nyuso zimejaa heshima ambayo hakuwahi kuipata popote, hata kwa watoto wake.

"Asanteni," akasema, akakaa.

Njiani kurudi alijisikia mchafu kwa namna ambayo hakuna sabuni inayoigusa.

Jumanne alivunjika. Asubuhi tu kiu ilimshika, ile ya mwanzoni kabisa. Akatoka kwenda kibandani akanunua sigara moja na kiberiti, akarudi, akasimama uani kati ya mashuka yaliyoanikwa. Akachukua simu. Kidole chake, kwa mazoea, kilikwenda kwenye jina la Mwalimu. Akasita. Dereva angepokea, hilo alilijua, angemchekesha, angempamba kwa sifa za pua yake mpaka kiu ipite. Na yeye angekubali sifa hizo. Hakuweza. Akabaki na sigara mkono mmoja na simu mkono mwingine, hana wa kumpigia, na hapo ndipo alipomfikiria Mwalimu kwa mara ya kwanza bila kujifikiria mwenyewe. Naye kiu ikimshika anampigia nani? Mwenza wake ni mimi. Tangu ile Jumamosi anampigia nani?

Aliivunja sigara vipande vipande kwenye beseni la maji machafu. Hakubadilisha hata nguo. Alikwenda na aproni yake, mikono bado ina povu.

Binti ndiye aliyefungua mlango. Mtoto alikuwa begani, anakoroma kifua. Binti hakumkaribisha ndani.

"Mwanangu," Dobi akasema, na maneno yote aliyoyatafuta wiki nzima yakamkimbia. "Zile nguo. Zile nguo zilikuwa safi. Ni mimi. Ni blanketi la meza yangu, lina moshi wangu wa miaka yote. Kila nguo niliyoipiga pasi ilitoka inanuka, hata ya kitoto kichanga. Mama yako hakuvuta. Nilimsingizia kwako, nikamsingizia mbele ya watu."

Binti alimtazama. Dobi alijiandaa kutukanwa, na kwa kweli alikuwa anayangojea matusi kama mtu anavyongoja maji kwenye jua kali. Lakini binti hakutukana. Aligeuka ndani ya nyumba na kuita kwa sauti ambayo haikuwa thabiti, "Mama. Njoo."

Mwalimu alitoka mlango wa nyuma, akapitia ukumbini, anatembea kwa kujiburuza. Alikuwa amekonda usoni. Kabla hajafika mlangoni Dobi aliisikia. Hakutaka kuisikia. Aligeuza kichwa kana kwamba anaweza kuirudisha.

"Usijisumbue kugeuka," Mwalimu akasema. "Safari hii pua yako haijakosea."

Binti akafumba macho. "Tangu lini, mama?"

"Juzi. Jumapili." Mwalimu alisema bila kumwangalia mtu. "Siku zote za nyuma sikugusa. Ulinikataza mtoto, nikasema sawa, nitavumilia, ukweli utajulikana. Usiku nilikuwa najishika mikono mwenyewe. Nikasema nisubiri Jumamosi, wale watu si wabaya, watakaa wafikirie, hata mmoja atapiga simu aseme Mwalimu, nakuamini. Jumamosi ikapita. Jumapili nikaona kama ni mvutaji kwa kila mtu, basi nivute." Akashusha pumzi. "Na sasa hata sitaki kumshika. Nitamshika vipi na mikono hii?"

Binti alikuwa analia kimya kimya, uso ameuzamisha mgongoni mwa mtoto. Kisha akauinua na kumgeukia Dobi.

"Na wewe ulijua lini? Habari za blanketi."

Uongo ulikuwa pale, tayari, umenyooshwa na kukunjwa. Jana. Leo asubuhi. Nani angejua? Blanketi liko jalalani, mkewe asingemwaibisha. Angesema leo asubuhi na angekuwa mtu aliyekimbia na povu mikononi kuja kurekebisha kosa.

"Jumatatu," Dobi akasema.

"Jana?"

"Hapana. Jumatatu ya wiki iliyopita."

Mtoto alikohoa, binti akampapasa mgongo. Mwalimu alikuwa anamtazama Dobi, na taratibu ikaonekana machoni pake kwamba amezipanga zile siku na kuona kila moja ilipoangukia.

"Kwa hiyo Jumamosi ulikaa pale kwenye benchi," akasema, "na unajua."

"Ndiyo."

"Nao walisema nini?"

"Walinipigia makofi, Mwalimu."

Mwalimu alitikisa kichwa kidogo. Akashika fremu ya mlango, akasimama wima, kama alivyokuwa akisimama zamani mbele ya darasa.

"Jumamosi nitakuja," akasema. "Sina pengine pa kwenda, na peke yangu siwezi, nimeshajaribu. Lakini utaanza kusema wewe, kabla yangu. Na usiishie kwenye blanketi. Blanketi ni bahati mbaya, lingeweza kumpata dobi yeyote. Utawaambia na hiyo wiki."

"Nitawaambia."

"Mpaka kwenye makofi."

"Mpaka kwenye makofi," Dobi akasema, macho yake yakiwa chini, kwenye povu lililokuwa likikauka katikati ya vidole vyake.